MEZA YA KAZI YA KARAKANA YA CHAMA: NAMNA YA KUIJENGA IKASIMAMA IMARA

Vyama vingi vya ushirika vya kisiwani Pemba, hasa vile vya wavuvi na vya mafundi seremala, hufikia siku ambayo wanachama huchoka kupeleka mashine za boti na vifaa vyao kutengenezwa mbali, wakaazimia kuwa na karakana yao wenyewe. Azimio hilo ni jema. Fedha hutafutwa, chumba hupatikana, jiliwa hununuliwa (mafundi wengi huliita vaisi), pamoja na spana, tupa na keekee. Meza ya kuwekea vitu hivyo ndiyo hufikiriwa mwisho, na mara nyingi haifikiriwi kabisa. Huchukuliwa meza yoyote iliyopo.

Somo hili linahusu meza hiyo. Mtu aweza kuuliza kwa nini jarida la ushirika lishughulike na kazi ya seremala. Umoja wa Kimataifa wa Ushirika, katika mkutano wake wa mwaka 1995 mjini Manchester, ulitangaza kanuni saba za ushirika, na kanuni ya tano ni elimu, mafunzo na habari kwa wanachama. Elimu hiyo haiishii kwenye sheria na hesabu. Kifaa kilichonunuliwa kwa hisa za wanachama kikaharibika au kikamuumiza mtu kwa kuwekwa mahali pabaya, nacho pia ni hesabu, tena hesabu chungu.

Na tuchukue mfano wa kufikirika. Chama cha wavuvi wenye mashine za boti kimenunua jiliwa zito la chuma na kulifunga kwenye meza ya zamani ya ofisi, ile aliyokuwa akiandikia katibu. Kijana wa chama amebana mhimili wa rafadha ulioliwa na kutu. Nati haifunguki. Anaongeza bomba kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi, anavuta kwa mwili mzima. Meza inainuka miguu ya nyuma, jiliwa linainama, spana inachopoka, na mkono wa kijana unapiga kwenye ncha ya chuma. Anapelekwa hospitali. Mkutano unaofuata unajaa maneno: nani aliamua meza ile itumike, gharama za matibabu zitoke fungu gani, na kwa nini kumbukumbu za Kamati hazina hata mstari mmoja juu ya karakana. Jiliwa halikuwa na kosa, na kijana hakuwa mzembe kupita wengine. Kilichokosekana ni meza.

Nguvu inayoiangusha meza

Watu wengi hudhani kwamba meza imara ni meza yenye ubao mnene juu. Unene una kazi yake, lakini meza ya karakana haivunjiki katikati kama daraja. Huanguka kwa kuvutwa, na hulegea kwa kusukumwa huku na huku. Meza ya kulia chakula hubeba uzito unaoshuka moja kwa moja chini. Meza yenye jiliwa, au yenye kinu cha kukamulia kwa mkono, au mashine yoyote ya wenzo, hubeba nguvu inayokwenda mbele, nyuma na pembeni.

Hesabu yake si ngumu, na katibu aweza kuifanya ubaoni mbele ya wanachama. Fundi anapovuta kuelekea kwake, meza hutaka kupinduka juu ya miguu yake ya mbele. Nguvu ya kuipindua ni nguvu ya mkono ikizidishwa kwa kimo cha mahali inapovutwa. Kinachoizuia ni uzito wa meza ukizidishwa kwa umbali kutoka miguu ya mbele hadi katikati ya meza. Tuseme fundi anavuta kwa nguvu ya kilo 30, na mdomo wa jiliwa uko sentimita 100 kutoka sakafuni. Thelathini mara mia ni 3,000. Meza ya ofisi ina uzito wa kilo 30, na upana wake ni sentimita 60, basi katikati yake ni sentimita 30. Thelathini mara thelathini ni 900. Elfu tatu dhidi ya mia tisa: meza ile haikuwa na njia ya kusimama.

Sasa tuchukue meza ya mbao nene yenye uzito wa kilo 100 na upana uleule. Mia mara thelathini ni 3,000. Nguvu mbili zimelingana, yaani meza iko ukingoni. Tukiweka mawe ya kilo 60 kwenye rafu ya chini, tunapata 160 mara 30, ambayo ni 4,800. Hapo fundi anayevuta kwa kilo 30 ana salama. Lakini mtu mzima akiegemea spana kwa mwili wake aweza kuvuta kilo 50, na hamsini mara mia ni 5,000. Mawe hayakutosha. Kwa hiyo uzito husaidia, lakini meza ya jiliwa hukamilika ifungwapo ukutani au sakafuni. Jambo hili litarudiwa hapa chini.

Kuna nguvu ya pili, nayo ni ile ya kupindisha. Achukue katibu vijiti vinne, avipigilie mstatili kwa msumari mmoja kila pembe, kisha ausukume kwa kidole. Mstatili utalala ubavu bila kijiti hata kimoja kuvunjika. Aongeze kijiti cha tano kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili; mstatili hautasogea tena. Pembetatu haibadiliki umbo mpaka kijiti chake kivunjike au msumari ung'oke. Ndiyo maana kiunzi cha paa la makuti au la bati huwekewa mshazari, na ndiyo maana meza isiyokuwa na mshazari hulegea hata kama ubao wake wa juu una unene wa kiganja. Seremala wa Kifaransa André Jacob Roubo, aliyeandika vitabu vikubwa vya useremala katika karne ya 18, alieleza meza ya fundi yenye ubao wa juu wa unene wa inchi 5 au 6, na miguu yake ya mbele imesawazishwa na ukingo wa ubao. Kwetu ubao wa namna hiyo ni anasa. Lakini lile la miguu kusawazishwa na ukingo halina gharama yoyote: miguu ikirudishwa ndani, hata meza nzito hupinduka upesi, na kazi ndefu haiwezi kubanwa wima ikaegemea mguu.

Kimo chake

Kimo cha meza hakipatikani kitabuni, hupatikana kwa watu watakaoitumia. Kwa kazi ya jiliwa, mdomo wa jiliwa uwe sawa na kiwiko cha fundi akiwa amesimama wima na mkono umekunjwa. Meza ikiwa chini kuliko hapo, mgongo utauma kabla ya adhuhuri. Ikiwa juu, tupa hupanda na kushuka badala ya kwenda sawa, na kazi huwa na tumbo katikati. Mafundi wa chama wapimwe viwiko, ichukuliwe wastani, kisha kiondolewe kimo cha jiliwa lenyewe. Mtu ambaye kiwiko chake kiko sentimita 103, akiwa na jiliwa la kimo cha sentimita 15, atahitaji meza ya sentimita 88, ambayo ni karibu inchi 34 na nusu. Mfupi zaidi huwekewa kipande cha ubao cha kusimamia. Mrefu hana tiba nyepesi, kwa hiyo wakitofautiana sana ni afadhali kumfuata mrefu.

Meza ya kupiga randa ni habari nyingine. Hiyo yapasa iwe chini zaidi, kiasi cha kifundo cha mkono ulioning'inia, kwa sababu seremala husukuma kwa uzito wa mwili. Chama chenye wavuvi na maseremala pamoja kisijaribu kuwaridhisha wote kwa meza moja.

Mbao zipatikanazo

Mti bora kwa watu wa Pemba ni mfenesi. Moyo wake wa njano hauliwi ovyo na mchwa, hufanyika kazi vizuri, na mafundi wa vyombo wanaujua. Mwembe hupatikana kwa wingi, ila mchwa na fukusi huupenda. Ukitumika, uwe kwenye ubao wa juu, si kwenye miguu. Mvinje ni mgumu na mzito lakini hupasuka na kujipinda unapokauka. Mnazi mkongwe una ganda la nje gumu linalochosha msumeno, na moyo laini usiofaa kitu. Kwa miguu achaguliwe fundi anayejua kutenganisha viwili hivyo. Msaji ni mzuri kila mahali kwa mwenye uwezo. Msonobari utokao Bara, kama ule wa mashamba ya Sao Hill huko Mufindi, ni mwepesi na umenyooka, na utafaa ukiwa umetiwa dawa.

Mkarafuu ulio hai hauguswi, na haihitaji kuelezwa kwa nini. Mti mwingine nao haukatwi kienyeji. Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Misitu Namba 10 ya mwaka 1996 inasimamia ukataji Zanzibar, na katibu anapaswa kuhakikisha kwamba kibali kimepatikana kabla ya shoka kutoka nyumbani. Kuhusu Msitu wa Ngezi na mikoko ya pwani, ushauri ni mmoja: mbao ya meza isitoke huko. Chama kinachokamatwa na magogo ya haramu hupoteza zaidi ya magogo.

Mbao mbichi ni chanzo cha hasara kubwa. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na mbao iliyopasuliwa wakati wa masika ikapigiliwa wiki ileile itapungua upana ifikapo kiangazi. Matundu yatalegea, boliti zitacheza, na fundi ataambiwa alifanya kazi mbovu. Mbao zipangwe kivulini, juu ya magogo, kila safu ikitenganishwa kwa papi nyembamba ili upepo upite, na juu yake kuwekwe mawe zisijipinde. Kadiri ubao ulivyo mnene ndivyo unavyohitaji muda mrefu zaidi. Chama kinachotaka meza mwezi wa Julai kisiagize mbao mwezi wa Juni.

Kwa meza ya urefu wa futi 6 na upana wa futi 2, mbao hizi zitatosha: ya inchi 2 kwa 6, futi 24, kwa ubao wa juu; ya inchi 4 kwa 4, futi 18, kwa miguu sita pamoja na akiba ya kukatia; ya inchi 2 kwa 4, futi 42, kwa mihimili na mishazari; na ya inchi 1 kwa 6, futi 24, kwa rafu ya chini. Ikiwa ya msonobari, meza hiyo itakuwa na uzito wa karibu kilo 100. Ikiwa ya mfenesi, itazidi. Zinapofika, katibu azipime mwenyewe kwa futi kamba. Ubao uitwao wa inchi 2 mara nyingi hupimwa ukakutwa inchi moja na robo tatu, au pungufu. Tofauti hiyo si ndogo. Ugumu wa ubao wa kutopinda hufuata unene wake mara tatu, yaani unene ukiongezwa maradufu, ugumu huwa mara nane. Vivyo hivyo, nafasi kati ya miguu ikipunguzwa nusu, ubao huwa mgumu mara nane. Ndiyo sababu ya kuweka miguu sita badala ya minne: jozi moja ya miguu katikati hugharimu kidogo kuliko kununua ubao wa unene maradufu.

Ujenzi

Kwanza hutengenezwa fremu tatu, kila moja ya miguu miwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, iliyounganishwa kwa mihimili miwili mifupi, mmoja juu kabisa na mmoja kiasi cha inchi 6 kutoka chini. Kisha fremu hizo huunganishwa kwa mihimili mirefu, miwili mbele na miwili nyuma.

Siri yote ya meza iko kwenye maungio hayo. Mhimili usibandikwe tu ubavuni mwa mguu ukashikiliwa na misumari. Mguu uchongwe kwa patasi kina cha inchi moja, ili mhimili uingie na kukaa juu ya bega la mguu. Hapo uzito hubebwa na mti juu ya mti, na boliti hubaki na kazi ya kushika tu. Anayejua kuchonga ulimi na tundu achonge. Ni bora zaidi. Boliti ziwe za nusu inchi, zipite mbao zote mbili, na kila upande uwe na washa pana, la sivyo nati itazama ndani ya mti na kulegea. Msumari hufaa kwa rafu ya chini, ambako hakuna mtikisiko mkubwa. Mahali panapotikisika, msumari hutoka kidogo kidogo kama jino bovu.

Kabla ya kukaza, pembe zihakikishwe. Guni hutumika kwa kila ungio, lakini kipimo cha mwisho ni kamba: ipimwe kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, mstatili umenyooka. Visipolingana, gonga kwa nyundo ya mti pembe iliyo ndefu mpaka vilingane, ndipo boliti zikazwe.

Mishazari miwili huwekwa upande wa nyuma, mmoja kila nafasi kati ya miguu, na ielekeane kama paa la nyumba. Ikielekea upande mmoja, meza itakuwa imara ikisukumwa kutoka kulia na dhaifu ikisukumwa kutoka kushoto. Ncha za mshazari zikatwe zikae sawasawa kwenye pembe ya mguu na mhimili, kwa sababu mshazari unaoning'inia kwenye msumari mmoja ni pambo. Wajenzi wa majahazi hujua jambo hili kuliko wote. Hutafuta tawi lililopinda lenyewe kwa taruma, wapate nyuzi za mti zinazofuata mkunjo, badala ya kulazimisha ubao ulionyooka. Akipatikana fundi wa chombo kijijini, na apewe sehemu hii ya kazi.

Mbao za juu huwekwa mwisho. Ubao hupanuka kwa upana wakati wa mvua, wala si kwa urefu. Kwa hiyo zibanwe pamoja, lakini matundu ya boliti kwenye mihimili mifupi yatobolewe kwa mviringo mrefu kidogo ili ubao upate kusogea bila kupasuka. Vichwa vya boliti vizamishwe chini ya uso wa ubao. Juu yake ibandikwe plaiwudi nyembamba kwa skrubu, ambayo ikichakaa huondolewa na kuwekwa nyingine. Pembeni na nyuma upigwe papi wa kimo cha inchi moja, ili nati na plagi zisidondoke. Nati moja ya mashine ya boti ikipotea sakafuni, safari ya kutoka Micheweni kwenda Chake Chake kuitafuta nyingine ni nusu siku ya uvuvi.

Jiliwa liwekwe karibu kabisa na kichwa cha mguu wa mbele, wala si katikati ya nafasi kati ya miguu miwili, ambako ubao huruka kila ukigonga. Taya lisilosogea lipite kidogo nje ya ukingo wa meza, ili bomba au mhimili mrefu ubanwe wima bila kugusa ubao. Boliti nne zipite mpaka chini, na chini yake kuwe na kipande cha bamba la chuma au ubao mgumu wa inchi 2. Skrubu za juu juu hazitoshi hata kwa mwezi.

Sakafu na ukuta

Meza ikisimama kwenye sakafu isiyokuwa sawa, kabari za vipande vya mbao chini ya mguu si dawa ya kudumu. Pimamaji iwekwe juu, na mguu mfupi utengenezewe kikalio cha saruji. Kwa kweli kila mguu wapaswa kukaa juu ya kikalio cha saruji cha kimo cha inchi 2 au 3, hata kama sakafu ni nzuri, kwa ajili ya mchwa na maji ya kuoshea. Nyayo za miguu zipakwe sifa, yale mafuta ya papa yapakwayo vyombo, au oili chafu ya mashine. Uso wa meza usipakwe chochote kati ya hivyo. Mafuta ya nazi nayo hayafai, kwa kuwa hayakauki.

Penye ukuta wa matofali ya saruji, mhimili wa juu wa nyuma ufungwe kwa boliti mbili zinazopenya ukuta mzima, na upande wa nje kuwe na bamba la chuma la upana wa kiganja. Chuma cha nje kipakwe rangi, kwani upepo wa bahari hausamehe. Penye ukuta wa miti na udongo, usifunge kitu. Ukuta utakuja pamoja na meza. Hapo zitumike pembe za chuma zilizozamishwa kwenye vikalio vya saruji, na vikalio vyenyewe viwe na kina cha kutosha ardhini.

Nyumba ikiwa ya kukodi, mwenye nyumba aombwe ruhusa kwa maandishi kabla ukuta haujatobolewa, na ruhusa hiyo itaje waziwazi kwamba meza ni mali ya chama na itafunguliwa chama kikihama. Hii ni karatasi ya mistari mitatu. Vyama vimegombana miaka kwa kukosa karatasi fupi kuliko hiyo.

Petroli na mizani

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutambaa sakafuni, na hukaa chini ya meza, kwenye ile rafu, hata kama juu hakuna harufu. Matangi na madumu yasiwekwe huko kamwe. Yawe kwenye kibanda cha nje chenye matundu ya hewa chini na juu. Jiwe la kunolea la umeme, kifaa chochote kinachotoa cheche, na sigara, havikai pamoja na mashine iliyofunguliwa tangi. Matambara yenye mafuta yatiwe kwenye debe lenye kifuniko.

Vyama vinavyopima karafuu au mwani katika jengo hilohilo visiweke mizani ya mezani juu ya meza ya jiliwa. Kila pigo la nyundo huisumbua mizani, na mkulima aliyepanda mikarafuu, akachuma na kuanika, hatasikiliza maelezo ya mtikisiko anapoona kipimo kimebadilika. Mizani ipewe meza yake ndogo, iliyosawazishwa kwa pimamaji, katika chumba kingine.

Meza katika vitabu vya chama

Meza ikikamilika, kazi ya fundi imekwisha na ya katibu imebaki. Mapema kabisa, Kamati iwe imepitisha azimio lenye kutaja vipimo, aina ya mbao na kiwango cha juu cha gharama. Mshika fedha asimlipe fundi ujira wote kabla. Sehemu ilipwe mbao zikifika na kupimwa, sehemu fremu zikisimama, na iliyobaki ilipwe baada ya jaribio. Jaribio lenyewe ni hili: chuma kibanwe, mtu mwenye nguvu avute spana pande zote nne, na glasi ya maji iliyojaa iwekwe upande wa pili wa meza. Maji yakimwagika, fundi arudi kazini.

Linaloleta ugomvi mkubwa zaidi ni mchango usioandikwa. Mara nyingi mzee mmoja wa chama husema kwa moyo safi: chukueni mfenesi wangu ule wa nyuma ya nyumba. Mti hukatwa, watu hushukuru, meza hujengwa. Baada ya miaka, mzee hufariki, Mungu amrehemu, na warithi wanapogawana mali mmoja wao hukumbuka mfenesi. Ulikuwa zawadi, au mkopo, au hisa? Hakuna ajuaye. Siku uliyotolewa mti ndiyo siku ya kuandika: jina la mtoaji, thamani iliyokadiriwa na watu wawili, na kama ni zawadi kwa chama au ni nyongeza ya hisa zake, kisha mzee na mashahidi watie sahihi au dole gumba. Vilevile wanachama waliobeba mawe na kuchanganya saruji bila ujira, kazi yao ithaminiwe na kuingizwa katika gharama ya meza. Vinginevyo vitabu vitaonyesha meza ya thamani ya boliti na misumari tu.

Meza iingizwe katika daftari la mali za kudumu kwa namba yake, na namba hiyo ichomwe kwa chuma cha moto upande wa ndani wa mguu. Ikikadiriwa kudumu miaka 10, moja ya kumi ya gharama yake iondolewe kila mwaka kama uchakavu. Jiliwa liwe na mstari wake peke yake, kwa sababu litaishi kuliko meza. Mwezi mmoja baada ya kujengwa, boliti zote zikazwe upya, maana mti huendelea kukauka. Baada ya hapo zikazwe mwanzoni na mwishoni mwa masika, na anayekaza aandike tarehe na jina lake kwenye daftari lililotundikwa ukutani.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano wa chama

1. Meza ina uzito wa kilo 70 na upana wa sentimita 60. Fundi anavuta kwa nguvu ya kilo 30 kwenye kimo cha sentimita 100. Je, meza itasimama bila kufungwa? Mawe ya kilo ngapi yatahitajika ili nguvu zilingane?

2. Mwanachama ametoa mti wake, lakini hataki jambo hilo liandikwe kwa kuwa asema baina ya ndugu hakuna karatasi. Kamati imwambie nini?

3. Fundi ataka mihimili ipigiliwe misumari ili kazi iishe siku moja. Mwenyekiti amekubali, katibu amekataa. Nani yuko sahihi, na azimio la Kamati lilisema nini?